Walionyolewa kwa Mkunga, Nasi Tutie Maji

Katika mazungumzo ya uvuvi ya mwambao wetu, tangu Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, mkunga si samaki anayetajwa sana. Hutajwa changu, hutajwa nguru, hutajwa kamba na, kwa miaka hii ya karibuni, hutajwa pweza kuliko wote. Mkunga hunaswa kwa dema au kwa mshipi pembeni mwa mwamba, huliwa na wenye kumpenda, na wapo wanaomwacha kwa kuwa umbo lake linawakumbusha nyoka, ingawa vitabu vya fikihi tulivyosomeshwa vimekwisha kutuhalalishia samaki wote wa baharini.

Hata hivyo, leo tumeona ni wajibu wetu kumweka mkunga mbele ya wasomaji. Katika nchi nyingine samaki huyu amekuwa mali ya thamani kubwa, na habari za jinsi nchi hizo zilivyompata, zilivyomuuza na zilivyompoteza ni somo linaloweza kusomwa tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tuko katikati ya somo hilo hilo, ila kwa viumbe vingine. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wenzetu wamenyolewa kwa mkunga. Inafaa tujiulize kama sisi tumekwisha kutia maji.

MIKUNGA NI NAMNA MBILI

Kwanza yafaa tuwatofautishe. Yuko mkunga wa mwambani, ambaye huishi maisha yake yote baharini, aghalabu katika mapango ya matumbawe, na huyo ndiye anayejulikana zaidi kwa wavuvi wa Songosongo na Kilwa Kisiwani. Na yuko mkunga wa mtoni, ambaye ndiye aliyezaa biashara kubwa tunayokusudia kuieleza.

Mkunga wa mtoni huzaliwa bahari kuu, mbali na nchi kavu. Mayai yakishaanguliwa, watoto huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa miezi mingi. Wanapokaribia pwani huwa wembamba, hawazidi urefu wa kidole, na miili yao hupenyeza mwanga kama kioo. Hapo huingia katika midomo ya mito, wakapanda juu, wakakaa katika maji matamu miaka kumi, ishirini, na pengine zaidi. Wakishapevuka hushuka tena baharini, husafiri hadi kule walikozaliwa, huzaa mara moja tu, na hufa.

Katika upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi wataalamu hutaja aina nne za mikunga wa namna hiyo. Huingia katika mito ya Bukini, yaani Madagaska, na katika mito inayomwaga maji kwenye mwambao wa Afrika, tangu Tana ya Kenya hadi Zambezi na Limpopo. Inakadiriwa kwamba mazalio yao yako mashariki ya Bukini, na kwamba mkondo wa bahari ndio unaowaleta watoto hadi kwetu. Kwa hiyo mkunga wa mto wa Afrika Mashariki hakuzaliwa mtoni humo, wala hatazaa mtoni humo. Ni mgeni anayekuja kukua. Hapana wilaya wala nchi inayoweza kusema kwamba mikunga hao ni wake peke yake, na hapana nchi inayoweza kuwamaliza bila ya kumdhulumu jirani.

ULAYA: SHERIA ILIYOCHELEWA

Ulaya inayo aina moja ya mkunga wa mtoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa Kidenmarki, Johannes Schmidt, alieleza ulimwengu kwamba samaki huyo huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, upande wa pili wa Atlantiki. Kwa karne nyingi mkunga alikuwa chakula cha kawaida cha watu wa huko, na alivuliwa katika kila umri: vifaranga katika midomo ya mito ya Ufaransa, Hispania na Uingereza, wa makamo katika maziwa, na wakubwa wakati wa kushuka baharini kwenda kuzaa.

Tangu mwaka 1980 hivi, idadi ya vifaranga vinavyowasili katika pwani za Ulaya imeanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Katika Bahari ya Kaskazini, vinavyowasili siku hizi havifiki asilimia 2 ya vile vya miaka ya 1960 na 1970. Wataalamu hawakubaliani juu ya sababu moja, kwa kuwa sababu ni nyingi na zote zilikuja kwa pamoja. Uvuvi ulizidi. Mabwawa ya umeme yalifunga njia ya kupanda, na mitambo yake ikawakatakata waliokuwa wakishuka. Vinamasi vilikaushwa ili vilimwe. Maji yalichafuliwa. Fauka ya hayo, biashara ya kusafirisha mikunga hai kutoka Asia ilileta mnyoo anayeingia katika kibofu cha hewa cha samaki huyo, na katika miaka ya 1980 mnyoo huyo akaenea mito mingi ya Ulaya.

Serikali zilichukua hatua, lakini tuzitazame tarehe. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2007, ukizitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba angalau asilimia 40 ya mikunga wakubwa ambao wangekuwapo kama binadamu asingewagusa wanafika baharini. Mwaka 2008 mkunga wa Ulaya aliandikwa katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2009 biashara yake ya kimataifa iliwekwa chini ya mkataba wa CITES, na mwishoni mwa mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukafunga kabisa mauzo ya nje. Mwaka 2021 baraza la kimataifa linaloshauri juu ya uvuvi katika bahari hizo lilipendekeza asivuliwe hata mmoja. Tangu kuanza kuanguka hadi kanuni ya kwanza ya maana ni miaka ishirini na saba. Anguko lilianza mtoto akiwa hajazaliwa; sheria ikaja naye akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Na hata baada ya sheria, vifaranga vimeendelea kuibwa na kusafirishwa kwa magendo hadi Asia, vikiwa vimefungwa katika mifuko ya maji ndani ya masanduku ya wasafiri.

USHIRIKA WA LOUGH NEAGH

Katika habari zote za Ulaya, iko moja ambayo msomaji wa Kilwa hana budi kuisikiliza kwa makini. Ireland ya Kaskazini kuna ziwa kubwa liitwalo Lough Neagh, mashuhuri kwa mikunga. Kwa miaka mingi haki ya kuvua humo ilikuwa mikononi mwa kampuni. Mvuvi aliyezaliwa kando ya ziwa alikuwa kama mwizi katika maji ya babu zake. Mwaka 1965 wavuvi waliunda chama cha ushirika, wakiongozwa na padri wa kijiji, Oliver Kennedy, na kufikia mwaka 1971 ushirika huo ulikuwa umekwisha kuinunua kampuni yote. Ni ushindi ambao kila mpenda haki ataushangilia. Bei iliwekwa na wavuvi wenyewe, na faida ikabaki kijijini.

Lakini miaka michache tu baada ya ushindi huo, vifaranga vikaanza kuadimika. Ushirika ukalazimika kununua vifaranga kutoka Uingereza na kuvimwaga ziwani ili kazi isife. Mwaka 2023 ziwa lenyewe likafunikwa na mwani wa kijani wenye sumu, kwa sababu ya mbolea na maji machafu yanayotiririkia humo. Hapa liko fundisho zito. Wavuvi wale walilimiliki ziwa, walimiliki mashua, walimiliki bei. Hawakuweza kumiliki bahari ambako mkunga huzaliwa, wala mashamba yaliyokuwa yakimwaga mbolea. Umiliki wa wananchi ni jambo la haki na la lazima, bali peke yake hauzalishi samaki. Mwenye mali asipoilinda mbegu, mali huondoka na yeye akabaki na hati.

JAPANI NA HESABU INAYODANGANYA

Hapana taifa linalompenda mkunga kuliko Japani. Huko kuna siku maalumu katika majira ya joto ambayo watu kwa mamilioni humla akiwa amechomwa na kupakwa mchuzi mtamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wavuvi wa mito na maziwa ya Japani walivua zaidi ya tani 3,000 za mikunga wakubwa kwa mwaka. Miaka hii hawafikishi tani 100. Vifaranga navyo, ambavyo katika miaka hiyo ya 1960 viliwahi kuhesabiwa kwa zaidi ya tani 200 kwa mwaka, mwaka 2019 havikufika tani 4. Mwaka 2013 Serikali ya Japani ilimtangaza mkunga wake kuwa kiumbe kilicho hatarini, na mwaka uliofuata dunia nayo ikamtangaza hivyo hivyo, pamoja na mkunga wa Marekani.

Sasa msomaji atauliza: kama wamekwisha, mbona bado wanaliwa? Jawabu ndilo kiini cha makala haya. Atakayefungua vitabu vya takwimu vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ataona mistari miwili. Mstari wa mikunga waliovuliwa porini unashuka mwaka hadi mwaka. Mstari wa mikunga waliofugwa unapanda, na umepita tani laki mbili kwa mwaka, sehemu kubwa kabisa ikitoka Uchina. Mtu asiyejua atafurahi na kusema kwamba ufugaji umemwokoa mkunga.

Hiyo ni hesabu inayodanganya. Mfugaji wa kuku huangulisha mayai ya kuku wake. Mfugaji wa mkunga hana yai. Kila mkunga aliyemo katika bwawa la kufugia, awe Uchina, Japani au Taiwan, alizaliwa baharini, akakamatwa kwa chandarua akiwa kifaranga katika mdomo wa mto, akauzwa, akapandishwa ndege, akanenepeshwa. Wataalamu wa Japani walifaulu mwaka 2010 kupata kizazi cha pili cha mikunga kilichozalishwa na binadamu, na kazi hiyo inaendelea, lakini gharama yake ingali kubwa mno kuweza kuchukua nafasi ya kifaranga cha bahari. Kwa hiyo mistari ile miwili ya takwimu ni mali moja iliyoandikwa mara mbili: inahesabiwa kama faida pale inaponenepeshwa, na inahesabiwa kama hasara pale ilipotolewa. Nchi inayonenepesha hupata faida. Nchi iliyotolewa mbegu hupata hasara.

MNUNUZI ANAHAMA

Vifaranga vya Japani vilipopungua, wanunuzi walihamia Ulaya. Ulaya ilipofunga mlango, walihamia Amerika. Katika jimbo la Maine, Marekani, bei ya vifaranga imepita dola 2,000 kwa ratili moja katika misimu kadhaa, na katika ratili moja wamo vifaranga elfu mbili au zaidi. Maine iliweka kiwango cha juu cha ratili 9,688 kwa mwaka, na kila mvuvi hupewa kadi inayoandika kila anachouza. Kanada, ambako mali hiyo hiyo ilileta magomvi mitoni na wizi, ililazimika kuufunga msimu mzima wa mwaka 2024. Ufilipino, ambako wanunuzi walifika pia, ilipiga marufuku kusafirisha vifaranga nje mwaka 2012. Haiti imeingia katika orodha. Na Bukini, jirani yetu wa ng'ambo ya mlango wa bahari, nayo imewahi kuuza.

Iko nchi moja iliyofanya tofauti tangu mapema. New Zealand inayo mikunga wakubwa wanaothaminiwa sana na Wamaori. Huko iliwekwa migao ya uvuvi, kusini mwaka 2000 na kaskazini mwaka 2004, na mkunga mwenye uzito chini ya gramu 220 haruhusiwi kuuzwa, wala aliyezidi kilo 4, kwa sababu huyo ndiye mama wa kizazi kijacho. Wamekataa kuuza watoto, na wamekataa kuuza wazazi. Wanauza wa katikati. Hatusemi kwamba hawana matatizo, kwani mabwawa wanayo na mito michafu wanayo. Tunasema kwamba hawakungoja mpaka samaki aishe ndipo waandike sheria.

NA SISI JE?

Kilwa haihitaji kufundishwa biashara ya ng'ambo. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa na kuijenga misikiti na majumba ambayo magofu yake yapo Kisiwani hadi leo. Pembe za ndovu zilipita hapa. Sandarusi ya misitu ya nyuma ya Kilwa ilichemshwa huko ng'ambo ikawa rangi ya kung'arisha meza za watu wengine. Boriti za mikoko ziliezeka nyumba za Arabuni. Na katika karne ya 19, kwa aibu ya dunia nzima, hata binadamu waliuzwa Kilwa Kivinje. Katika yote hayo bei ilipangwa mbali, na kilichokwisha kiliisha hapa.

Katika zama zetu wenyewe tumekwisha kumshuhudia jongoo bahari. Hakuna mtu wa pwani hii aliyemla. Aliokotwa, akachemshwa, akakaushwa, akapelekwa Uchina. Kwanza aliokotwa maji yakikupwa; kisha akatafutwa kwa kuzamia; kisha akatafutwa kwa kuzamia na mitungi ya hewa. Serikali ilipopiga marufuku uvunaji wake Tanzania Bara, mwanzoni mwa karne hii, ilikuwa tayari imebaki kuutafuta ule mdogo uliosalia. Meli za kukokota kamba nazo zilisimamishwa mwaka 2008 baada ya mavuno kushuka. Bandu bandu huisha gogo.

Sasa zamu ni ya pweza. Zamani pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani na kazi ya akina mama, waliotembea juu ya mwamba wakati wa maji ya bamvua, wakichokoa mapango kwa chuma. Viwanda vilipoanza kumnunua ili kumgandisha na kumsafirisha Ulaya, bei ilipanda, na bei ilipopanda wanaume waliingia kazini kwa miwani na mashua, wakazamia kule ambako akina mama hawafiki. Kule ndiko pweza wakubwa walikokuwa wakikimbilia kuzaa.

Pweza na mkunga wa mtoni hufanana kwa jambo moja kubwa. Pweza jike hutaga mara moja katika maisha yake. Hukaa pangoni akiyalinda mayai bila ya kula, na yakianguliwa hufa. Anayemtoa pangoni kabla ya siku hiyo ametoa kizazi kizima. Bali wanatofautiana kwa jambo moja, nalo ndilo rehema yetu. Mkunga hungoja miaka ishirini ili azae. Pweza hungoja mwaka mmoja au zaidi kidogo. Uzito wa pweza mdogo huweza kuongezeka maradufu katika muda wa mwezi mmoja au miwili. Kosa la Ulaya halikuweza kurekebishwa katika umri wa mtu mmoja. Kosa letu juu ya pweza laweza kurekebishwa kabla mtoto aliyeanza darasa la kwanza hajaingia la pili.

Hayo si maneno ya vitabuni tu. Huko Bukini, katika kijiji cha Andavadoaka, wanakijiji walianza mwaka 2004 kuufunga mwamba kwa miezi michache, na walipoufungua walipata pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Habari hizo zilivuka bahari. Katika wilaya yetu, wananchi wa Songosongo wamekwisha kuifuata njia hiyo: kuchagua mwamba, kuufunga, kuulinda, na kuufungua kwa siku iliyokubaliwa. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 nazo zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Kwa hiyo maji ya kutia kichwani yapo. Kinachotakiwa ni mkono wa kuyatia.

HOJA YA NJAA

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu, nayo ni hoja ya haki. Mama anayetegemea mwamba kwa unga wa leo, ukimwambia mwamba umefungwa miezi mitatu, atakuuliza: watoto wangu wale nini? Hoja hiyo haijibiwi kwa hotuba. Haijibiwi pia kwa kuwaambia watu kwamba Japani wamekwisha mikunga.

Jawabu lake ni la mpango. Haufungwi mwamba wote. Hufungwa sehemu, na sehemu nyingine hubaki wazi. Hauchaguliwi mwamba ule ulio karibu na kijiji, anaofikia mwenye miguu tu, ukaachwa ule wa mbali wa wenye mashua. Hapo mzigo wote huangukia kwa mnyonge na faida yote kwa mwenye chombo. Na siku ya kufungua haifanywi kuwa siku ya wageni kutoka mbali kuja kuvuna walichokilinda wengine. Palipofungwa kwa kauli moja na kufunguliwa kwa fujo, watu hawatakubali kufunga mara ya pili, na watakuwa na haki.

Lipo pia suala la mnunuzi. Katika vijiji vingi mvuvi hupewa vifaa au fedha kabla ya kwenda baharini, kwa sharti la kumuuzia aliyemkopesha. Mtu aliyekwisha kula bei ya pweza kabla ya kumvua hawezi kumwacha pweza wa gramu 300 aende zake. Hivyo usimamizi wa mwamba na ukombozi wa mvuvi kutoka katika deni ni kazi moja. Hapa ndipo ushirika wa Lough Neagh unapokuwa na mafundisho mawili kwa pamoja: bila ya ushirika, mvuvi hana nguvu ya kulinda, na bila ya kulinda, ushirika hauna cha kuuza.

RUFIJI NA UKUTA MPYA

Tukimrudia mkunga wa mtoni, hatuwezi kunyamaza juu ya Rufiji, ambao maji yake huingia baharini kaskazini tu ya wilaya yetu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaanza kufua umeme mwaka 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Taifa lilihitaji umeme huo, na hatuandiki kuupinga. Lakini ukuta wa zaidi ya mita 130 ni ukuta kwa samaki pia. Mabwawa ya Ulaya yalikuwa mojawapo ya sababu za kuanguka kwa mkunga, na nchi zilizojenga mapema zilikuja baadaye kugharimia njia za samaki, au kuwakusanya mikunga upande mmoja wa bwawa na kuwachukua kwa magari hadi upande wa pili. Aidha, kamba wa delta huhitaji maji matamu na tope la mto kwa majira yake. Sisi tulio upande wa chini wa mto tunayo haki ya kuomba kwamba ratiba ya kufungulia maji ipangwe kwa kuwakumbuka pia walio midomoni mwa mto, na kwamba samaki wanaosafiri kati ya bahari na mto wachunguzwe tangu sasa, kabla hawajawa habari za kale.

YAPASAYO KUFANYWA

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mlango wa vifaranga vya mkunga ufungwe kabla haujabishwa. Tumeona kwamba mnunuzi huhama, na tumeona kwamba amekwisha kufika Bukini. Atakapofika katika midomo ya mito yetu atakuja na fedha taslimu, na kijana asiye na kazi hatakuwa na sababu ya kumkatalia. Wizara inayohusika na uvuvi iweke bayana kwamba kifaranga cha mkunga hakivuliwi kwa ajili ya kuuzwa nje. Kupiga marufuku biashara ambayo bado haijaanza hakumnyimi mtu riziki. Kuipiga marufuku baada ya kuanza, kama walivyofanya Wazungu, ni kumnyang'anya mtu kazi na kumfanya mwenye magendo.

Pili, mialoni iandike. Maofisa uvuvi na vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, waandike samaki kwa majina yao na kwa uzito wao, mkunga wa mwambani mbali na mkunga wa mtoni. Ulaya wanajua walichokipoteza kwa kuwa waliandika. Kisichoandikwa hufa bila tanzia.

Tatu, halmashauri za wilaya za pwani zizipe nguvu ya sheria ndogo siku za kufunga na kufungua miamba, ili anayevunja ajibu mbele ya baraza la sheria, asiishie kugombana na mlinzi wa kijiji. Na sheria hiyo imfuate mnunuzi kama inavyomfuata mvuvi. Pweza wa gramu 300 aliyemo katika ndoo ya mama ni kosa la njaa. Pweza elfu moja wa gramu 300 waliomo katika barafu ya mnunuzi ni kosa la faida, na makosa hayo mawili hayastahili adhabu moja.

Nne, nchi zinazopakana na bahari hii, tangu Kenya hadi Msumbiji, Bukini na Komoro, zikae pamoja juu ya viumbe vinavyopita mipaka. Jongoo bahari alitufundisha kwamba marufuku ya upande mmoja huwa faida ya upande wa pili. Mkunga anayezaliwa mashariki ya Bukini na kukulia katika mito ya bara ni raia wa nchi zote hizo, na akiuzwa na moja ameuzwa na zote.

Msimu ujao wa bamvua, watu watatembea tena juu ya miamba ya Songosongo. Wataokota pweza, na pengine watamkuta mkunga pangoni. Tunawaomba viongozi wa vijiji wakae na wananchi kabla ya siku hizo, wakubaliane ni mwamba upi utakaopumzika na upi utakaowalisha watu, na neno hilo liandikwe. Wenzetu wa Ulaya na Japani walikuwa na vyuo, mizani na fedha kutushinda sisi, na bado walichelewa. Sisi tunacho kitu kimoja ambacho wao hawakuwa nacho: habari zao.